Jinsi ya kumwandika muuaji wa mfululizo anayelenga familia

Muuaji anayeingia nyumba ya watu usiku na kumaliza baba, mama na watoto ni mgumu kumwandika kuliko wauaji wengi wa tamthilia za upelelezi, na ugumu wake hauko kwenye damu. Uko kwenye chaguo lake. Nyumba ya kwanza ikiingiliwa, mtazamaji anauliza ni nani. Ya pili ikiingiliwa, anauliza kwa nini hii na si ya jirani, na swali hilo hataliacha mpaka umjibu. Mwandishi aliyeanza bila jibu hukwama sehemu ya nne au ya tano, akaishia kubuni chuki ya zamani ambayo hakuna aliyewahi kuitaja, au kumwotesha mpelelezi ndoto.

Maelezo haya ni ya msimu wa sehemu 8, kila moja dakika 45 hadi 50. Kwa mpangilio wa kawaida wa skripti, ukurasa mmoja huenda na dakika moja ya skrini, kwa hiyo hesabu kurasa zisizozidi 50 kwa sehemu. Anayeandika filamu ya dakika 100 afuate njia ileile, apunguze nyumba moja.

Familia moja haifanyi mfululizo

Wataalamu waliokutanishwa na FBI, shirika la upelelezi la Marekani, mjini San Antonio mwaka 2005, ambao ripoti yao ilitoka 2008, walieleza mauaji ya mfululizo kuwa ni kuua watu wawili au zaidi, muuaji akiwa yuleyule, katika matukio tofauti. Kinachohesabiwa ni matukio. Watu watano wakiuawa nyumba moja usiku mmoja, hilo ni tukio moja, na polisi watalishughulikia kama mauaji ya watu wengi kwa mkupuo. Mfululizo wako unaanza mlango wa pili unapofunguliwa.

Tofauti hii itakupa nusu ya hadithi ukiitumia vizuri. Polisi wakikuta familia imekufa ndani ya nyumba yao huanza na watu wa karibu: baba, mume aliyeachwa, shemeji anayedai pesa. Wana sababu, maana familia nzima ikiuawa, mara nyingi aliyefanya hivyo ni mtu wa humohumo ndani. Basi nyumba ya kwanza ya muuaji wako iwe imetokea zaidi ya mwaka mmoja kabla ya sehemu ya 1, na faili lake limefungwa kwa maelezo kwamba baba aliua wenzake kisha akajiua. Silaha ilikutwa karibu na mkono wake, mlango haukuvunjwa, hakuna aliyeuliza zaidi. Yupo bibi mzaa baba ambaye hajakubali kuwa mwanawe alifanya kitu kile. Mwandike vizuri bibi huyo, atakufaa kuliko maiti tatu za ziada: ana hasira, amechoka kupuuzwa, na amefungia vitu vya marehemu stoo bila kugusa hata boksi moja.

Kiungo kati ya nyumba na nyumba

Kiungo ni kile kinachozifanya nyumba hizi, na si nyingine, ziwe zake. Kiungo kizuri kina sifa tatu. Muuaji anakipata katika shughuli zake za kila siku, bila kujitafutia. Kimeandikwa mahali fulani, hata kama ni kwenye karatasi iliyokunjwa mfukoni mwa mtu. Na familia yenyewe haikioni kuwa ni kitu cha kutaja kwa polisi au kwa ndugu.

Ndiyo maana “anachukia familia zenye furaha” si kiungo. Hiyo ni hisia. Mpelelezi hawezi kufungua rejista akatafuta furaha. “Mama wote wanafanana na mama yake” nayo haitoshi. Inaeleza alichokipenda baada ya kuwaona, haielezi aliwaona wapi.

Tuchukue mfano mmoja tuende nao mpaka mwisho. Muuaji ni kibarua wa kuhamisha mizigo ya nyumbani. Hajaajiriwa na kampuni yoyote. Manyapara wa kampuni tatu humpigia simu kazi ikizidi, analipwa taslimu jioni, na jina lake halipo kwenye mkataba wowote. Siku ya kuhama anaingia nyumba ya zamani asubuhi na nyumba mpya mchana. Anabeba vitanda, kwa hiyo anajua nani analala wapi. Anaandika kwa maka peni juu ya maboksi namba na vilivyomo: VITABU VYA MTOTO, VYOMBO, MASHUKA. Mwenye nyumba humpa maji ya kunywa na kumsahau kabla gari halijaondoka. Familia zote zilizouawa zilikuwa zimehamia makazi mapya ndani ya miezi sita iliyotangulia. Majirani hawajazizoea bado, hawajui ni saa ngapi taa huzimwa wala gari gani ni geni pale. Na kwa kuwa kila familia ilitumia kampuni yake, polisi wakilinganisha majina ya makampuni hawapati kitu.

Kazi ya aina hii isikuonekanee ndogo mno. Dennis Rader, aliyeua watu 10 katika eneo la Wichita, Kansas, kati ya 1974 na 1991, akianza na watu wanne wa familia moja Januari 1974, alikuwa kwa miaka mingi mfanyakazi wa kampuni ya kufunga ving'ora vya nyumba. Alikuwa na mke na watoto wawili, na alipokamatwa alikuwa kiongozi wa baraza la kanisa lake. Ripoti ile ya 2008 inataja wazo kwamba wauaji hawa wote ni wapweke kama moja ya imani potofu, pamoja na ile kwamba wana akili za ajabu na ile kwamba moyoni wanataka kukamatwa. Mtazamaji wa leo ameshawachoka magwiji wanaonukuu mashairi ya kale na kumpigia mpelelezi simu usiku. Mbebaji mizigo anayelalamika mgongo humtisha zaidi.

Anachotaka, na kinavyoonekana kwa macho

Usiharakishe kumpa utoto mbaya. Wengi bado hutumia zile dalili tatu alizoziandika J. M. Macdonald mwaka 1963, yaani kukojoa kitandani, kuchoma vitu moto na kutesa wanyama, ingawa utafiti uliofuata haukuthibitisha kwamba zinatabiri muuaji. Ukiziweka, mtazamaji mzoefu atajua umenakili.

Mpe badala yake hitaji moja linalofanyika kwa mikono. Kibarua wetu anaamini familia huvunjika siku inapohama. Baada ya kuua hubaki ndani ya nyumba hadi karibu na alfajiri, akipanga samani za sebuleni kama zilivyokuwa kwenye nyumba ya zamani, ambayo aliiona asubuhi ile ya kubeba mizigo. Kochi linaenda ukutani, meza inageuzwa, picha inashushwa.

Hapa tenganisha mbinu na alama. Mbinu ni kile anachofanya ili afanikiwe na asikamatwe: saa anayoingia, mlango anaotumia, namna anavyotenganisha watu. Mbinu hubadilika kadiri anavyojifunza au hali inavyomlazimisha, na ni kawaida ikatofautiana kati ya nyumba na nyumba. Alama ni kile asichokihitaji ili afanikiwe lakini hawezi kuondoka bila kukifanya. Kupanga kochi ni alama. Kunamchelewesha na kunamhatarisha. Waandishi wengi hufanya kinyume: silaha ileile, saa ileile, fundo lilelile la kamba, kisha wanawashangaa polisi wa hadithi kwa kuchelewa kuunganisha matukio. Badilisha mbinu, shikilia alama, na uifanye alama iwe kitu ambacho mtu asiyeijua ile nyumba hawezi kukiona.

Muuaji kubaki kwenye nyumba ya maiti si jambo la kubuni. Hinterkaifeck, shamba la Bavaria, Ujerumani, ambako watu sita waliuawa usiku wa Machi 31, 1922, maiti ziligunduliwa Aprili 4, na katika siku hizo za katikati ng'ombe walikuwa wakilishwa na moshi ulionekana ukitoka kwenye bomba la nyumba. Tokyo, usiku wa kuamkia Desemba 31, 2000, muuaji wa familia ya watu wanne huko Setagaya alikaa ndani kwa saa kadhaa, akala vilivyokuwa kwenye friji, akaacha nguo, alama za vidole na vinasaba (DNA) vyake. Hajakamatwa mpaka leo. Mambo madogo kama hayo, ng'ombe aliyeshiba na kopo la aiskrimu, yanakaa kichwani mwa mtu kuliko ukuta uliotapakaa damu.

Sini ya zulia

Alama ikishapatikana, iandikie sini, yaani onyesho moja, ambamo inaonekana bila kuelezwa. Kwa mfano huu, hivi:

NDANI. SEBULE. ASUBUHI.
Mafundi wa maabara wamemaliza upande wa dirisha. MPELELEZI anachuchumaa, anabonyeza zulia kwa kidole chenye glavu. Shimo la ukubwa wa kizibo cha chupa. Anageuza shingo: la pili, la tatu, la nne. Anatazama kochi. Liko upande wa pili, limegusa ukuta.

MPELELEZI
Nani kasogeza kochi?

AFISA
Hakuna aliyegusa kitu.

Ishia hapo. Kuongeza mstari wa “kwa hiyo muuaji ndiye aliyelisogeza” ni kumnyang'anya mtazamaji kazi aliyokwisha kuimaliza mwenyewe. Andika wazi kwenye maelezo ya sini kuwa mashimo ya zamani yana kina kirefu na mapya chini ya miguu ya kochi ni ya juujuu, kwani zulia lenye nyuzi nene lililokaliwa miezi minne hubaki na shimo siku nyingi, ilhali usiku mmoja huacha alama hafifu tu. Watu wa mandhari wataweka uzito kwenye zulia tangu siku iliyotangulia. Mwongozaji akitaka kurudia sini na shimo limeharibika, wabonyeze upya. Wakitaka kulifuta, kipande cha barafu kiyeyukie juu yake na nyuzi zitainuka zikisuguliwa.

Kidokezo kikubwa zaidi, yale maandishi ya maka peni, kipitishe mara tatu. Sehemu ya 1 maboksi yako tu nyuma ya watu, hayajafunguliwa tangu wahamie, hakuna anayeyatazama. Sehemu ya 3 mtu anayagusa kwa sababu nyingine kabisa: bibi yule anafungua stoo kutafuta albamu, anasoma kwa sauti VITABU VYA MTOTO, analia. Sehemu ya 5 mpelelezi anaweka picha mbili mezani na kuona 7 ileile yenye mkato katikati kwenye maboksi ya nyumba mbili ambazo hazikuwahi kutumia kampuni moja. Ukikionyesha kidokezo mara ya kwanza siku hiyohiyo kinapofumbuliwa, umedanganya. Ukikionyesha mara sita, kila mtu nyumbani kwake ameshamkamata muuaji na anasubiri polisi wako wamfikie.

Kalenda

Kabla ya mazungumzo yoyote, chora kalenda yenye safu tatu: muuaji, familia, polisi. Ijaze siku kwa siku, hata siku ambazo hakuna kitakachoonekana kwenye skrini. Nyumba nne zinatosha msimu mzima. Nyumba A, ya faili lililofungwa, miezi 14 kabla ya hadithi kuanza. Nyumba B mwanzoni mwa sehemu ya 1. Nyumba C mwishoni mwa sehemu ya 4, yaani wiki saba baada ya B. Nyumba D ni ile inayowahiwa.

Kila pengo liwe na sababu isiyo ya kisaikolojia. Kwa nini alitulia miezi 14? Aliumia mgongo akibeba kabati, na kwa sehemu kubwa ya muda huo hakuweza kunyanyua kitu, hakuitwa kazini. Kadi ya kliniki ipo, na siku moja itasomwa. Kwa nini wiki saba tu kati ya B na C? Shule zimefungwa, watu wengi wanahama, anaitwa kazini karibu kila siku. Mapengo halisi hayana mpangilio wa kupendeza: Rader aliua Desemba 1977, kisha hakuua tena mpaka Aprili 1985, na baada ya 1991 hakuua tena ingawa alikamatwa 2005. Ile kanuni ya tamthilia kwamba muda lazima uzidi kufupika kila mara ni mazoea ya waandishi.

Kalenda ndiyo itakayokuonyesha kosa la aina hii: familia ya nyumba C imehamia wiki mbili kabla ya kifo, lakini kwenye kurasa zako mtoto anataja rafiki wa shule mpya kama waliokua pamoja.

Wape uhai kwanza

Familia inayokwenda kufa ipate kurasa nne hadi sita kabla ya usiku wenyewe, na zisiwe za kucheka mezani kama tangazo la siagi. Wape ugomvi mdogo usioisha: baba anataka maboksi yafunguliwe wikiendi hii, mama anasema hajui kama watakaa hapa, binti mkubwa hajamsamehe yeyote kwa kumtoa shule. Kila mtu awe na kitu kimoja kitakachobaki baada yake na kuwa na kazi kwenye upelelezi, kwa mfano simu yenye ujumbe ulioandikwa nusu, dawa ya kikohozi iliyopimwa leo usiku na kuachwa kwenye kijiko, au ufunguo wa nyumba ya zamani ambao mama hakuurudisha. Vitu viwili kati ya hivyo vielekeze njia sahihi, kimoja kipotoshe.

Nyumba B na C zisifanane. Kama B ni mama, baba na watoto wawili, C iwe bibi anayelea wajukuu, au ndugu wawili wanaolea mtoto wa marehemu dada yao. Kwa muuaji wote ni familia iliyohama. Kwa polisi tofauti hiyo inaficha kiungo kwa sehemu mbili nzima.

Eneo la tukio

Afisa wa kwanza kufika hachunguzi chochote. Anahakikisha kama kuna aliye hai, anakagua vyumba kuona muuaji hayumo, anatoka kwa njia ileile aliyoingilia, anafunga utepe, na anaanza kuandika kila anayeingia na kutoka na saa zake. Hapo ndipo makosa ya kweli hutokea, nawe unayahitaji: jirani aliyeingia kufunika maiti kwa shuka, mhudumu wa gari la wagonjwa aliyesukuma meza ili apite. Mtu akisukuma meza kwenye kisa ambacho samani ndizo ushahidi, umepata mgogoro wa sehemu nzima bila kuongeza mhusika.

Daktari wa uchunguzi wa maiti asitoe saa kamili. Atoe kati ya saa fulani na fulani, na aeleze inategemea nini. Joto la mwili hushuka kwa makadirio ya nyuzi 0.8 hadi 1 za Selsiasi kwa saa katika mazingira ya kawaida, lakini nguo, hewa na umbile hubadilisha kila kitu. Mtoto mdogo hupoa haraka kuliko mtu mzima, kwa hiyo watu waliokufa dakika kumi tofauti wanaweza kuonekana wamepishana kwa muda mrefu. Hilo humpotosha mpelelezi asiyeuliza. Kukakamaa huanza kwenye taya na uso baada ya saa 2 hadi 4, huenea mwili mzima kufikia saa 12 hivi, na huisha kati ya saa 24 na 48. Damu hutuama upande wa chini na madoa yake huonekana ndani ya saa mbili hivi. Baada ya saa 8 hadi 12 hayahami tena mwili ukigeuzwa. Katika mfano wetu jambo hili lina kazi: baba amekutwa ameketi kwenye kochi, lakini madoa mengi yako mgongoni. Alilala chali sakafuni kwa saa nyingi ndipo akaketishwa. Kwa sentensi moja ya daktari tumejua muuaji alikuwa bado ndani karibu na mapambazuko, na shahidi aliyesema aliona gari likiondoka usiku wa manane aliona gari la mtu mwingine.

Majibu ya vinasaba yasije jioni hiyohiyo. Zipo mashine zinazotoa jibu kwa takribani dakika 90, lakini zimetengenezwa hasa kwa sampuli safi iliyopanguswa mdomoni mwa mtu, si kwa doa lililochanganyika la watu wanne. Sampuli ya eneo la tukio ichukue siku, au wiki kama maabara ina foleni. Na hata ikitoka, haina mtu wa kulinganishwa naye, kwani kibarua hajawahi kukamatwa. Ukitaka njia ya nasaba za ukoo, yaani kumtafuta mtu kupitia vinasaba vya ndugu zake, ile iliyomnasa muuaji wa mfululizo Joseph James DeAngelo huko California Aprili 2018, itumie ukijua inaua hadithi hii: kiungo chako chote hakitahitajika tena. Ifunge mapema, kwa sampuli chache mno au kwa amri ya mahakama inayochelewa.

Upelelezi unavyopotea

Njia ya uongo itokane na kosa la mtu mwenye nia njema, si na mwandishi kuficha kadi. Kisa cha Peter Sutcliffe, aliyeua wanawake 13 kaskazini mwa Uingereza kati ya 1975 na 1980, ni darasa tosha. Polisi walimhoji mara tisa. Taarifa zake zilikuwa zimetawanyika kwenye maelfu ya kadi za karatasi ambazo hakuna aliyeweza kuziunganisha kwa wakati. Kisha mwaka 1979 ikaja kanda ya sauti ya mtu aliyejidai kuwa ndiye muuaji, mwenye lafudhi ya mji wa Sunderland, na washukiwa wasio na lafudhi hiyo wakaanza kuachwa. Kanda ilikuwa utani wa mwongo. Januari 1981 Sutcliffe alinaswa kwa sababu gari lake lilikuwa na namba bandia. Baadaye, mwaka 1985, Uingereza ilianza kutumia mfumo wa kompyuta uitwao HOLMES kwa uchunguzi mkubwa.

Chukua kutoka hapo utaratibu wake, siyo kanda yenyewe. Kwenye hadithi yetu, afisa anapiga simu kampuni zote tatu, anaomba orodha ya wafanyakazi, anapewa orodha kamili na ya kweli ya walioajiriwa. Analinganisha, hakuna jina linalojirudia, anaandika “kampuni za kuhamisha mizigo: hakuna uhusiano.” Kila mtu anaisoma na kwenda mbele. Sentensi hiyo iwepo kwenye ubao tangu sehemu ya 2.

Mtaalamu wa kuchora wasifu wa muuaji ukimleta, asitaje kazi, umri na rangi ya koti. Oktoba 2002, watu walipokuwa wakipigwa risasi kuzunguka Washington, wengi walimtarajia mzungu mmoja na macho yote yalikuwa kwenye gari jeupe la mizigo. Waliokamatwa ni watu weusi wawili ndani ya Chevrolet Caprice ya buluu. Wasifu ukikosea sehemu moja muhimu utaifaidi hadithi kuliko ukipatia kila kitu.

Mtoto kwenye kamera

Andika sini ili mtoto mwigizaji asilazimike kuwa kwenye fremu moja na damu au na silaha. Mtoto amelala, kata (picha inahamia kwingine), kitasa kinageuka, kata, asubuhi, viatu vyake mlangoni. Sehemu mbili za sini hiyo zitapigwa siku tofauti naye hatajua zinakutanaje. Saa za kazi za watoto zina mipaka ya kisheria karibu kila mahali, kwa hiyo kurasa zenye mtoto zisiwe za usiku nje. Zikiwa hivyo mwandaaji atazikata, au atazitengeneza vibaya. Namna ya kuingia nyumbani iachie tundu: onyesha kabla na baada, ile ya kati ibaki gizani. Hakuna mtazamaji aliyewahi kudai ipo wazi zaidi.

Mambo mengine ya kuepuka nitayataja upesi. Familia ya mpelelezi isiwe nyumba D. Kila mtu analitarajia na linafanya kiungo kiwe hakina maana. Jina la utani la magazetini lije kwa kuchelewa au lisije kabisa. Sauti ya muuaji ikisimulia juu ya picha huondoa hofu yote ndani ya dakika moja. Naye asiache vidokezo kwa makusudi.

Kumfikia

Baadhi ya wauaji wa kweli walinaswa na karatasi na rekodi. David Berkowitz, muuaji wa mfululizo wa New York, alifuatiliwa mwaka 1977 kwa tiketi ya kuegesha gari vibaya. Rader alituma diski ya kompyuta, na ndani yake mlikuwa na mabaki ya faili lililofutwa yenye jina la kanisa lake na neno Dennis.

Kibarua wetu naye ana karatasi, ila si yake. Kila nyapara ana daftari la malipo: jina la utani, namba ya simu, kiasi, sahihi ya kukwaruza. Majina ya utani kwenye madaftari matatu hayafanani. Namba moja inafanana. Jambo hili litokee mwisho wa sehemu ya 6, na namba hiyo iwe imezimwa tangu jana.

Sehemu ya 7 iendeshwe na hesabu. Madaftari yanaonyesha nyumba 31 alizohamisha ndani ya miezi sita, nyumba B na C zimo, zinabaki 29. Askari waliopo wanaweza kulinda sita. Mtu lazima achague, na vigezo anavyovitumia ndivyo vinavyopima kama ameelewa muuaji au anabahatisha. Jibu lake liko kwenye lile kochi: nyumba D ni ile ambayo mwenye nyumba, alipopigiwa simu, alisema kwa mshangao kwamba yule kibarua aliwauliza mara mbili kwa nini wanahama. Muda wa kufika huko usizidi kurasa 12, na mlango ukifunguliwa, kochi liwe bado mahali pake.

Rasimu ikiisha, chapisha kurasa za muuaji peke yake uzisome mfululizo, ukiwa na kalenda pembeni. Kisha soma za kila familia peke yake. Badilisha majina ya watu wa nyumba B kwa yale ya nyumba C kwenye kurasa tano za mwanzo na umpe mtu ambaye hajaisoma. Asipogundua tofauti, rudi kwenye kurasa hizo kabla hujamgusa muuaji.